Hasira za Moani, Fundi wa Ukulele

Moani Kauhane alikuwa na hasira za karibu, na mji mzima wa Hilo, huko visiwa vya Hawaii, ulimjua hivyo. Mvua ikinyesha siku tisa mfululizo, anagombana na mvua. Mtalii akiingia karakanani na kugusa ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, ambayo gundi yake haijashika, anatolewa mlangoni kwa maneno atakayokwenda nayo mpaka kwao. Watu walishamzoea. Hasira ya namna hiyo ni moshi tu, inapanda na kutawanyika, na jioni utamkuta mama huyohuyo anakuletea bakuli la kitoweo. Ninayotaka kuisimulia mimi ni hasira nyingine, ile aliyoificha. Hiyo haikupiga kelele hata kidogo. Ilikaa ndani ya kazi ya mikono yake kwa wiki kadhaa, na aliyekuja kuumia ni mtoto wa miaka tisa ambaye hakumkosea mtu yeyote.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Solomona Kauhane, na jina la mzee hakuliacha hata alipoolewa. Enzi za mzee huyo, mabaharia fulani waliagiza ukulele kumi na mbili kwa mkupuo. Mzee akachonga koa ya mlimani, mbao nyekundu yenye mawimbi, akazikabidhi zinang'aa, akapongezwa. Kabla mwaka haujaisha, saba zilirudi kwa posta kutoka makwao kwenye hewa kavu, zimepasuka uso. Mzee alikuwa amefanya kosa ambalo fundi wa nchi yenye hewa kavu hawezi kulifanya hata akiwa amelewa: alizikausha mbao zake kwa hewa ya Hilo. Na hewa ya Hilo ni maji matupu. Chumvi haitoki kwenye kichupa, viatu vinaota ukungu kabatini, na mbao unayoapa kwamba imekauka imeshiba unyevu mpaka kooni. Ukiibandika ikiwa imeshiba hivyo na ikabaki hapahapa, itakuimbia miaka hamsini. Ukiipeleka nchi kavu inataka kusinyaa, vijiti vilivyobandikwa kwa ndani kuishikilia vinakataa kusinyaa nayo, na kinachoachia ni uso.

Tangu hapo mzee aliweka sharti. Hakuna kuifunga ukulele kabla mwenye nayo hajajibu swali moja: itaishi wapi? Akisema hapa visiwani, kazi inaendelea. Akisema ng'ambo, mbao zinaingia kwanza kwenye kabati la balbu, zinakaa humo wiki tatu joto likizinyonya, kisha zinatolewa na kubandikwa siku hiyohiyo kabla hazijaanza kunywa upya. Moani alirithi karakana, kabati na swali. Kwa miaka thelathini na minane alimuuliza kila mtu, hata padri, hata bwana mmoja aliyeagiza ukulele ya kuzikwa nayo.

"Itaishi wapi?"

"Anti, nimekwambia ni ya kuzikwa nayo."

"Utazikwa wapi, basi? Pakavu au palipo na maji?"

Karakana yenyewe alichangia na Isamu Higa, mzee ambaye babu zake walitoka Okinawa kuja kukata miwa. Higa alitengeneza magitaa. Moani aliyaita majeneza. Higa naye alisema ukulele ni gitaa lililozaliwa kabla ya miezi yake. Walikuwa wametupiana maneno hayo miaka ishirini na hakuna aliyechoka, na kama mmoja akiugua, mwenzake ndiye anayemaliza kazi yake bila kuulizwa.

Moani alikuwa na mtoto mmoja, Kamuela. Baba yake Kamuela alifariki muda mfupi baada ya mashamba ya miwa kufungwa, na Moani akamlea kijana kwa randa na msasa. Kamuela hakuupenda ufundi. Aliendesha basi dogo la hoteli upande wa pili wa kisiwa, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, akivuka mlima kila alfajiri ili abebe mabegi ya watu waliokuja kupumzika. Alioa msichana mzuri wa Kifilipino, Rosalinda, wakamzaa Kehau. Walipanga nyumba ya mbao karibu na bahari. Nyumba ile ikauzwa. Ilinunuliwa na watu wa ng'ambo wanaokuja kuogelea wiki mbili kwa mwaka. Wiki mbili, jamani. Wiki hamsini zilizobaki inakaa tupu, na taa yake ya barazani inajiwasha yenyewe kila magharibi kumkaribisha mtu ambaye hayupo. Sema basi kama wewe usingekasirika.

Kamuela alileta habari Jumapili moja, wakiwa mezani kwa mama yake, wanakula nguruwe aliyepikwa ndani ya majani ya magimbi.

"Mama, tumepata nyumba," alisema, macho yakiwa kwenye sahani.

"Wapi? Upande wa juu?"

"Las Vegas."

Moani aliweka kijiko chini. "Hiyo si nyumba. Hilo ni jangwa lenye kamari."

"Nusu ya mtaa huu wako kule, Mama. Binamu Pilipo amenitafutia kazi ghalani. Vyumba vitatu kwa bei ya chumba kimoja cha hapa."

"Kwa hiyo mnafuata vyumba."

"Tunafuata pa kulala. Mwezi wa sita tuko nje. Unataka tulale wapi, kwenye gari?"

"Hapa."

Wote wakatazama hapo penyewe. Palikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilijaa mbao mpaka darini. Rosalinda aliongea taratibu, kama mkwe anavyopaswa. "Mama, tulishalala hapa mwaka ule. Vumbi la koa likampa Kehau pumu, tukakesha naye hospitali. Si unakumbuka?"

Moani hakuwa amesahau. Na mtu wa hasira akibanwa na ukweli ni balaa.

"Nendeni," alisema. "Nani amewashika? Nendeni mkawe watu wa mchanga. Babu yako alikataa kwenda akiwa na njaa. Wewe umeshiba na unakwenda."

"Mimi nimeshiba?" Kamuela alisukuma sahani. "Mama, mimi naamka saa tisa alfajiri nibebe mabegi ya wageni kwenye nchi yangu mwenyewe, halafu wageni haohao wananunua paa lililo juu ya kichwa changu. Unasema nimeshiba? Nenda kawagombeze wao. Huwezi, ndiyo maana unanigombeza mimi."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli Moani hakumsemesha mwanawe siku kumi na nne.

Sasa ujue kwamba katika ukoo wa Kauhane, mtoto akitimiza miaka tisa anapewa ukulele yake mwenyewe. Haitumiwi pamoja na ndugu wala hairithiwi. Inatengenezwa kwa ajili yake, kwa kipimo cha kifua chake na vidole vyake, kutoka kwenye mbao za mti wa koa ulioanguka shambani kwa mzee Solomona. Kehau alikuwa anatimiza tisa mwezi wa tano. Habari ya Las Vegas ilipofika, mbao zake zilikuwa zimeshapasuliwa, uso umeshapunguzwa kwa randa mpaka ukawa mwembamba wa kupitisha kivuli cha kidole, na mbavu zimeshapindwa kwenye bomba la moto. Kilichobaki ni kubandika na kuifunga. Maana yake kilichobaki ni kabati.

Moani alisimama mbele ya meza yake, kipima unyevu ukutani kinaonyesha asilimia sabini na nane. Hakuuliza swali. Hakuwa na haja ya kuuliza, jibu alishaambiwa mezani kwake, na hilo jibu ndilo alilokuwa analikataa. Akachukua gundi.

Higa aliinua kichwa kutoka kwenye gitaa lake. "Hiyo si ya mtoto?"

"Ni ya mtoto."

"Mbona haijaingia kabatini?"

"Ni ya hapa. Mtoto ni wa hapa na ukulele ni ya hapa."

"Moani, tiketi zimeshakatwa. Kamuela amekuja kuniaga."

"Wewe funga jeneza lako."

Higa hakucheka. Alifuta mikono, akasogea mpaka kwenye meza ya Moani, jambo ambalo hakulifanya hata mara mbili kwa mwaka. "Nisikilize. Unajua itakachokifanya kule. Mimi najua, wewe unajua, baba yako aliko anajua. Mwezi mmoja, miwili, inapasuka. Unafunga kitu ukijua kitapasuka mikononi mwa mtoto?"

"Watakaporudi haitapasuka."

"Hawarudi."

"Ikipasuka pale jangwani, Kamuela ataisikia. Atajua kwamba kuna vitu havihamishwi."

"Kamuela si mpigaji. Mpigaji ni mtoto."

"Higa, karakana hii ni ya nani?"

Higa akarudi kwenye kiti chake. Moani akabandika vijiti, akafunga mgongo, akapaka vanishi mikono sita, na kila mkono wa vanishi alikuwa anaongea peke yake, anawatukana wanunuzi wa nyumba, anamtukana mwanawe, anaitukana ndege. Mimi nimemfahamu mama huyu miaka mingi, nikila kwake na kumpenda, na bado nasema alilofanya lilikuwa ovu. Alikuwa na haki ya kila tone la hasira yake, na akaimimina yote kwenye chombo cha mtoto.

Ukulele ilitoka nzuri kupita zote alizowahi kutengeneza. Hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mbao za shamba la mzee zilikuwa na mawimbi mekundu yanayokimbia ukizigeuza kwenye mwanga, na sauti yake ilikuwa nene, yenye maji, sauti ya mvua juu ya majani. Siku ya uwanja wa ndege Kehau alivishwa mashada ya maua mpaka mashavuni, akakabidhiwa ukulele yake mbele ya ndugu wote, akapiga papo hapo wimbo mfupi aliofundishwa na Tutu wake. Tutu ndivyo mabibi wanavyoitwa huko. Watu wakalia. Moani hakulia. Alimwambia mtoto kitu kimoja.

"Itunze."

"Nitaitunza, Tutu. Nitalala nayo."

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kila Jumamosi asubuhi simu iliita, uso wa Kehau ukajaa kwenye kioo, na mtoto akapiga wimbo mzima kabla hajasalimia. Moani alikaa akisikiliza kwa sikio la fundi. Jumamosi ya tatu alisikia sauti imeanza kukauka. Jumamosi ya tano nyuzi zilikuwa zinapiga kelele shingoni, dalili kwamba uso umezama. Akajitia hamnazo.

Jumamosi ya sita Kehau hakupiga. Alisema amechoka. Jumamosi iliyofuata alisema ukulele iko chumbani na mlango umefungwa. Ya nane alisema ana kazi nyingi za shule, na wakati huo shule zilikuwa zimefungwa. Unadhani Moani alielewa? Hasira zilimpanda upya.

"Umeona," alimwambia Higa. "Miezi miwili tu na ameshaitupa. Ameshakuwa mtoto wa kule. Kazi ya mikono yangu, mti wa baba yangu, na mtoto anaona uvivu hata kuishika."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Si nimeona mwenyewe?"

"Umeona unachotaka kuona," Higa alisema. Akaendelea kupiga msasa.

Aliyepiga simu Jumatano ni Rosalinda, mchana, wakati wa kazi, na sauti yake ilikuwa chini.

"Mama, nina jambo. Nakuomba kabla sijasema uniahidi hutamgombeza Kehau."

"Amefanya nini?"

"Niahidi kwanza."

"Sema, Rosalinda."

"Ukulele imepasuka. Sijui tangu lini, ameificha. Leo nilikuwa nafagia chini ya kitanda nikakuta taulo zimelowa, zinanuka, na katikati ya taulo ndiyo ipo. Ufa umeanzia kwenye tundu mpaka chini kabisa. Nikamuuliza, akalia mpaka pumzi ikamkata, ikabidi nimpe dawa ya pumu. Anasema ameivunja yeye. Anasema siku moja iligonga kiti. Tangu siku hiyo analowesha taulo kila jioni na kuifunga nazo, anaiwekea mabakuli ya maji, juzi ameingia nayo bafuni akafungulia maji ya moto ili ipate mvuke, eti irudi kuwa kama ilivyokuwa Hilo. Mtoto wa miaka tisa, Mama. Hajala vizuri wiki tatu, na mimi nilidhani ni ugeni."

Moani alikuwa amesimama katikati ya karakana.

"Na hataki kukuambia," Rosalinda aliendelea. "Nimembembeleza, amekataa. Anakuogopa. Samahani kusema hivyo, lakini sote tunakuogopa ukikasirika, na yeye anajua ile mbao ilikuwa ya nani. Sasa nimemwambia Tutu ataelewa. Nimekutetea. Nakuomba uelewe."

"Mpe simu."

"Mama, hutamgombeza?"

"Mpe simu, Rosalinda."

Zilisikika hatua, mlango, minong'ono. Kisha pumzi ya mtoto aliyelia muda mrefu.

"Tutu," Kehau alisema, "iligonga kiti. Kidogo tu. Halafu baadaye nikaona mstari mwembamba, nikadhani ni unywele, nikaufuta haukufutika. Kila siku unarefuka. Nimejaribu kuitunza."

"Kehau, nyamaza kidogo unisikilize."

"Nitakulipa nikikua."

"Nyamaza, mwanangu. Kiti hakikufanya kitu. Hujaivunja wewe."

"Sasa nani?"

Katika miaka sitini na mitatu Moani hakuwahi kukosa neno. Aliwapasha watalii na maofisa, na padri mmoja alipashwa hadharani. Sasa neno alilolitafuta lilikuwa moja tu. Higa alizima mashine yake, akabaki ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," Moani alisema. "Mbao za kwenda nchi kavu zinakaushwa kwanza kwenye kabati. Wewe umeliona lile kabati, lenye balbu. Zako sikuzikausha."

"Ulisahau?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa, mtoto mwenyewe ameufungua. Angesema ndiyo, na yote yangekwisha hapo, na angependwa kama kawaida. Nampa Moani heshima yake kwa jambo hili moja.

"Sikusahau. Nilijua mnakwenda. Nilijua itapasuka."

Kehau alikuwa mtoto wa kufikiri.

"Ulitaka ipasuke?"

"Nilikuwa nimewakasirikia. Nilimkasirikia baba yako. Nilitaka mrudi."

"Lakini haikuwa ya Baba," Kehau alisema. "Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

"Mimi sikukukosea, Tutu."

"Hukunikosea."

"Nililoweka taulo kila siku."

Moani alitaka kumwambia kwamba ufa unaweza kuzibwa, kwamba Higa ana mikono mizuri kuliko yake kwa kazi hiyo, kwamba ziko mbao nyingine za mti uleule na zitaingia kabatini leo hii. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa ulimini. Lakini mtoto hakusubiri. Hakulia wala kupandisha sauti. Alimpa mama yake simu, na hatua zake zikasikika zikienda mbali, kisha mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Mama?" Rosalinda alisema. "Mbona amekwenda kujifungia? Umemwambia nini mtoto?"

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Moani alikaa kwenye kiti cha Higa, akaanza kumweleza mkwe wake tangu mwanzo.